Maji ya Ufuo

Tarehe 6 Novemba

Shajara hii nimepewa na Mapendo, binti wa pacha wangu Kurwa. Anasema, "Mama mdogo, wewe una maneno mengi, na mimi huku Mwandiga sina bando la kusikiliza sauti zako zote. Yaandike." Haya, naandika. Mimi ni Doto. Nakaanga migebuka, samaki wa ziwa letu, na kuiuza hapa Ujiji, njia ya kwenda mwaloni wanakoshushia wavuvi. Naishi nyumba moja na Kurwa tangu tulipofiwa na waume zetu, na kila siku tunagombana kuhusu chumvi. Mvua bado. Joto halisemeki.

Tarehe 9 Novemba

Mvua ya kwanza. Watoto wametoka uchi barabarani kuoga. Mtaro umezoa uchafu wote wa kiangazi na kuupeleka ziwani. Bomba limekatika, kama kawaida yake mvua ikinyesha, na mtaa mzima umehamia kwenye kisima cha Mzee Amuri.

Tarehe 13 Novemba

Bi Faida amefariki, mke wa Mzee Amuri. Alirudi juzi kwa boti kutoka matanga ya ndugu zake huko vijiji vya kusini, akashinda chooni, akatapika, na jana jioni sauti ikamkauka kabisa. Asubuhi hakuamka. Mwanamke mnene vile, amelala pale kitandani amenywea, macho yamezama, vidole vimekunjamana. Nililia mpaka kichwa kikauma. Yeye ndiye aliyenikopesha karai la kwanza la kukaangia.

Wakaja kumwita Kurwa. Katika mtaa huu, mwanamke akifa, anaitwa Kurwa. Ameurithi uosha kwa mama yetu. Yeye huosha, mimi humimina maji, na huwa hachoki kunisahihisha kama vile nimeanza jana: "Taratibu, Doto. Kama unaogesha kichanga." Nami humjibu kimoyomoyo, maana mbele ya maiti hatubishani.

Kabla ya kuosha huchimbwa ufuo, ule mfereji wa kupokea maji ya josho ili yasitapakae ovyo na kukanyagwa na watu. Vijana walikuja na jembe wakauliza wachimbe wapi. Kurwa akauzunguka ua, akapiga ardhi kwa kisigino, akasema, "Hapa. Udongo laini, na mtu asione." Ni pale nyuma ya jiko la Bi Faida, juu kidogo ya kisima.

Tumemwosha vizuri. Maji yalikuwa mengi sana kutoka tumboni mwake, Kurwa akiminya polepole, na mimi nikimimina. Baadaye tumenawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kama mama alivyotufundisha. Mzee Amuri amekaa barazani, hainuki.

Tarehe 14 Novemba

Mvua tangu alfajiri hadi magharibi. Ua wa Mzee Amuri umekuwa bwawa. Matanga yameingia ndani ya nyumba.

Tarehe 17 Novemba

Samaki wachache, wateja wachache. Kurwa kasema chumvi imezidi. Haikuzidi.

Tarehe 19 Novemba

Mtoto wa Elida, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ameanza kuharisha maji meupe. Wajukuu wa Mzee Amuri nao, wawili. Elida kambeba wake mgongoni kumpeleka zahanati, na amesahau hata kufunga mlango. Nimeufunga mimi.

Tarehe 21 Novemba

Sasa ugonjwa una jina. Kipindupindu. Gari la matangazo limepita likisema tusile vya baridi, tuchemshe maji, tusisalimiane kwa mikono. Nyuma ya gari kuna bwana afya mpya anaitwa Leodgar, kijana wa Kasulu, buti mpaka magotini na pampu ya dawa mgongoni. Akasimama mbele ya karai langu na kunisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Nikamwambia hapa Ujiji mtoto akimkuta mtu mzima anasema shikamoo. Akasema shikamoo. Kisha akaniambia nifunike samaki wangu. Mimi! Nimekaanga samaki kabla mama yake hajaolewa!

Nimewafunika alipoondoka.

Leo tumeosha tena, mama mkwe wa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Leodgar alifika tumekwisha maliza. Akatuuliza nani ametupa ruhusa. Kurwa akamtazama kwa upole wake ule unaoniudhi: "Mwanangu, maiti haombewi ruhusa ya kuoga. Ni haki yake." Kijana akasema kuanzia leo aliyekufa kwa ugonjwa huu anazikwa na watu wa afya, ndani ya mfuko, bila kuoshwa nyumbani. Wanawake wote waliokuwa pale walianza kulia upya, na wala si kwa sababu ya marehemu.

Njiani nilimwambia Kurwa basi, tuache, mimi naogopa. Akaniuliza, "Mama yako angekufa leo, ungekubali aende kaburini na uchafu wake?"

Tarehe 24 Novemba

Mtoto wa Elida amepona, alhamdulillahi. Amerudi shingo nyembamba, anaomba chai. Mjukuu mmoja wa Mzee Amuri amezikwa. Ni watu wa afya waliomzika.

Mvua.

Tarehe 26 Novemba

Sasa hivi midomo imefunguka. Wanasema ugonjwa unafuata mkono wa Kurwa. Anapoosha yeye, siku chache baadaye nyumba za jirani zinaanguka. Mwanamke mmoja, aliyekuwa akija kwetu kuomba moto wa jiko, leo amevuka barabara alipotuona. Mwingine amesema wazi mbele ya karai langu kwamba Kurwa ana mkosi. Nilimrushia maneno ambayo shajara hii haiwezi kuyabeba, na sijuti. Migebuka yangu imebaki yote. Tumekula sisi wawili, mchana na jioni, na Kurwa hakusema lolote kuhusu chumvi. Hilo ndilo limeniumiza.

Mapendo amepiga simu. Anataka mama yake ahamie Mwandiga mpaka hali itulie. Kurwa amekataa. "Nikiondoka sasa watasema nimekimbia."

Tarehe 29 Novemba

Leo nitaandika yote, maana nikiyaacha yatanikaba.

Asubuhi Leodgar alikuja na watu wawili wa manispaa kwenye kisima cha Mzee Amuri. Akawa anauliza kila mgonjwa anachota wapi. Elida, hapa. Fundi cherehani, hapa. Nyumba zile tatu za chini, hapa. Wale wa upande wa msikiti, wanaonunua maji ya mkokoteni, hawana hata mgonjwa mmoja. Kisha akaanza kuuzunguka ua, akauona udongo nyuma ya jiko uliotitia kwa mvua, na michirizi iliyoshuka kutoka pale hadi kwenye mdomo wa kisima. Akauliza hapa palichimbwa nini.

Mimi nilijua. Mzee Amuri alijua. Kurwa alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo tupu, maana sisi nasi tulikuja kuchota.

"Ni ufuo," akasema Kurwa. "Wa Bi Faida. Mimi ndiye niliyeonyesha mahali."

Leodgar hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe, nipate pa kumshika. Akasema taratibu kwamba ugonjwa huu hauna miguu wala mkosi. Unatoka tumboni mwa mgonjwa, unaingia majini, na kutoka majini unaingia mdomoni mwa mwingine. Ndiyo njia yake. Aliyekufa nao bado amebeba mzigo ule ule, na maji ya kumwoshea yanauchukua. Mvua ile ya siku ya pili ilijaza ufuo, ikaufurisha, ikautia kisimani. Sisi wawili hatukuugua kwa kuwa tunanawa kwa sabuni, na maji yetu ya kunywa Kurwa huyachemsha kwa sababu ya tumbo lake bovu tangu ujana. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimcheka kwa maji yake ya moto.

Wakamwaga dawa kisimani na kukifunika kwa bati na mnyororo. Mzee Amuri akasimama kutoka barazani kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kisima hiki alikichimba baba yangu kuwa sadaka. Mnakifungia minyororo kama mwizi?" Leodgar akamwita mzee wangu, akamwomba radhi, akafunga.

Kurwa alitembea mpaka nyumbani na ndoo ile tupu kichwani. Alipofika hakuitua. Nikamtua mimi. Akakaa kwenye mkeka akasema, "Yule mjukuu wa Amuri mimi ndiye niliyemkata kitovu." Halafu, "Nilipiga kisigino mwenyewe, Doto. Nikasema hapa."

Nilimwambia hakujua, hakuna aliyejua, mama mwenyewe angechimba pale pale. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemimina. Yote nilimwambia. Hakusikia hata moja.

Tarehe 30 Novemba

Hakula.

Tarehe 3 Desemba

Nilidhani atajifungia. Kumbe sijamjua pacha wangu hata baada ya kulala naye tumbo moja. Ameanza kupita nyumba kwa nyumba. Anabisha hodi, anasimama mlangoni, haingii, anasema: "Ni mimi Kurwa. Ufuo wa Bi Faida niliuchagua mimi na umeingia kisimani. Msichote pale hata mnyororo ukikatwa. Chemsheni maji. Na mwenye kufiwa asiniite kuosha, awaite watu wa afya." Anasema hivyo hivyo kila nyumba.

Wengine wamempa pole. Nyumba moja wamemfungia mlango usoni. Nyumba ya fundi cherehani, mke wake alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamtemea mate miguuni. Mimi nilikuwa naye. Nilitaka kumvaa yule mwanamke, Kurwa akanishika mkono: "Mwache. Kafiwa na mama."

Leodgar tulikutana naye njiani. Akasema, "Mama, wewe unafanya kazi kuliko gari letu la matangazo." Kurwa hakutabasamu. Mimi nilimpa kijana migebuka miwili, ya moto, iliyofunikwa.

Tarehe 5 Desemba

Mvua. Bomba limerudi kwa muda mfupi, rangi ya chai.

Tarehe 6 Desemba

Tumemkuta Bi Riziki peke yake, yule mjane mshona vitambaa. Wanawe wote wako ziwani na mama mkwe wake hajiwezi. Amelala chini kwenye uchafu wake, hana nguvu ya kuita. Watu wa afya tumewapigia, gari liko Buzebazeba, wanasema subirini. Kurwa akavua kanga ya juu. Nikamwambia usiingie. Akaingia.

Alimsafisha kwa mikono yake ile ile, akambadilisha nguo, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mpaka gari lilipofika. Mimi nilikuwa namimina maji kutoka mlangoni. Alipotoka akasema, "Leo nimeosha aliye hai." Ni mara ya kwanza tangu siku ya kisima nimeuona uso wake ukilainika. Nilimwagia maji ya dawa mikononi, miguuni, mpaka akaniambia basi, utanichubua.

Tarehe 8 Desemba

Bi Riziki yuko kambini, ana dripu, anaongea.

Kurwa anasema tumbo linamsokota. Anasema ni lile lile tumbo lake bovu. Nimemtazama macho na nimeogopa.

Tarehe 9 Desemba

Nimempeleka kambini alfajiri, kwa bajaji. Kambi ni mahema meupe nyuma ya zahanati. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini yake. Mlangoni unakanyaga dawa, unanawa dawa, nguo zote zinanuka dawa. Mtu mzima, mwanamke wa heshima zake, amelazwa pale. Nililia mbele ya wauguzi bila aibu.

Dripu ya kwanza mshipa haukupatikana. Umri, wakasema, na amechelewa kusema. Mchana alipata nafuu kidogo akaniita. Sauti yake ilikuwa kama ya Bi Faida. Niliinama karibu mpaka muuguzi akanivuta nyuma.

"Doto. Nikifa usinioshe."

Nikamwambia hufi, acha upuuzi.

"Nisikilize. Watakuja. Wote niliowaoshea mama zao watakuja wakisema ni haki yangu. Usiwape. Wala wewe usinioshe kwa siri. Wakuchimbie ufuo gani mwingine?"

"Kurwa, wewe!" Mwanamke aliyewaosha wanawake wa mtaa huu wote, bibi zetu, mama yetu mwenyewe, leo aende na jasho lake la ugonjwa? Nilimwambia nitachimba mbali, nitatia dawa, nitamwomba Leodgar.

"Niahidi," akasema.

Nimeahidi. Mungu ananiona, niliahidi huku moyo wangu ukikataa.

Tarehe 10 Desemba

Kurwa amefariki leo kabla ya adhuhuri. Mapendo alifika kutoka Mwandiga akamkuta bado ana pumzi, akamshika mguu, kwani ndipo walipomruhusu kushika.

Walikuja, kama alivyosema. Mvua ilikuwa inanyesha nao wamejaa nje ya uzio wa kambi, kanga vichwani. Na aliyewatangulia alikuwa Bi Riziki, ametolewa kambini jana, anayumba, anashikiliwa na mwanawe. Pembeni alikuwa mke wa fundi cherehani, yule yule aliyetema mate. Wameleta ndoo. Wameleta sabuni, pamba, kafuri, udi. "Tupeni Kurwa wetu," akasema Bi Riziki. "Amenisafisha mimi uchafu wangu nikiwa hai. Nitamwachaje?"

Mimi nikasimama mlangoni mwa uzio. Miaka yote mimi ni mtu wa kupokea ndoo, leo nimekuwa mtu wa kuzikataa. Nikasema hapana. Wakadhani ni wazimu wa msiba. Mwingine akasema, "Doto, pacha wako mwenyewe? Huna huruma?" Neno lile lilinichoma na bado linanichoma. Nikawaambia ndilo alilousia, kwa mdomo wake. Hawakuamini. Wakaanza kusukuma uzio.

Ndipo Mzee Amuri akaja na shekhe wa msikiti wetu. Shekhe akawaambia wanawake kwamba maji yakiwa na madhara kwa walio hai, dini imempa maiti tayammamu, udongo safi badala ya maji, na hakuna haki yake inayopungua. Wakaacha kusukuma. Bi Riziki akaketi chini kwenye tope na ndoo yake.

Lakini udongo mkavu utoke wapi? Siku zote hizi mvua, kila mahali ni tope. Mzee Amuri akafunua koti lake. Alikuwa na bakuli. "Nimeuchota jikoni kwa Faida," akasema. "Mle mvua haiingii." Ni jiko lile lile ambalo nyuma yake tulichimba. Aliniwekea bakuli mikononi.

Leodgar alituvisha mimi na Mapendo glovu na magauni ya plastiki. Alikuwa analia, kijana wa watu, anajifuta kwa bega maana mikono ina dawa. Akafungua mfuko mpaka kifuani, akasema tufanye haraka kidogo, mama zangu. Nikapiga udongo, nikampaka pacha wangu uso, taratibu. Uso wangu mwenyewe. Nikapiga tena, nikampaka mikono. Mikono ile. Nilitaka kusikia akinisahihisha. Mapendo alishika bakuli, na hakukuwa na sauti ya maji, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwenye chumba cha maiti maisha yangu yote.

Wakafunga mfuko.

Tarehe 15 Desemba

Nimepika. Chumvi imezidi kweli.

Tarehe 22 Desemba

Mnyororo wa kisima ulikatwa na mtu usiku. Asubuhi wamemkuta Mzee Amuri amekaa juu ya bati, na fimbo yake, anamfukuza kila mwenye ndoo. Amekaa pale mpaka Leodgar alipoleta mnyororo mwingine.

Tarehe 4 Januari

Hakuna mgonjwa mpya mtaani. Kambi imebaki hema moja. Leodgar amekula kwangu, akaniambia amezaliwa wa mwisho na mama yake alifariki akimzaa. Na mimi niliwahi kumwazia ubaya kuhusu mama yake na samaki. Nimemwongezea wa tatu.

Tarehe 19 Januari

Jua leo, mvua imepumzika. Mama mkwe wa Bi Riziki amefariki. Ni uzee tu, bibi wa watu alizimika akiwa ameshika kikombe. Leodgar amekuja, amekagua, amesema huyu hana ugonjwa, anaruhusiwa kuoshwa.

Bi Riziki akaja mwenyewe mlangoni kwangu. Nikamwambia mimi si mwosha, mimi humimina. Akasema, "Najua." Akaendelea kusimama pale pale.

Vijana wenye jembe wakaniuliza wachimbe wapi. Niliuzunguka ule ua wote. Nikaenda mpaka ukuta wa nyuma, nikatazama maji ya mvua yalipopita, nikarudi, nikamwita Leodgar aangalie na yeye. Mwishowe nikachagua upande wa chini kabisa, mbali na kila bomba na kila kisima, nikasema chimbeni kirefu. Sikupiga kisigino. Nilionyesha kwa kidole.

Mapendo alikuwa amekuja kunisalimia kutoka Mwandiga. Nikampa kata. Akaijaza, akaiinua juu mno, maji yakaanguka kwa kishindo kifuani pa bibi wa watu.

"Taratibu, Mapendo," nikamwambia. "Kama unaogesha kichanga."